Eli Alielewa Mara ya Tatu: Mahubiri kwa Wanaotibu Kikohozi Nairobi

Madaktari wa Nairobi, matabibu, wauguzi, nanyi mnaouza dawa kuanzia River Road hadi kona za Kawangware, mahubiri ya leo ni yenu. Wagonjwa wanaruhusiwa kusikiliza kutoka viti vya nyuma; zamu yao itafika. Nina neno moja tu kuhusu mtu mzima anayekohoa wiki ya tatu, na nitalirudia mpaka lishike.

Mnamjua mtu huyo. Ni karani wa Upper Hill. Ni makanga wa matatu ya 46. Ni mwalimu wa Dagoretti, ni mama fua wa Kangemi anayeingia Loresho kila asubuhi. Hana homa. Ukimwekea kifaa kifuani, mapafu yanasikika safi. Mchana anazungumza na kucheka, na ukimtazama unamwona mzima. Usiku ukiingia kikohozi kinamvamia, kimoja juu ya kingine, kumi, kumi na vitano, bila nafasi ya kuvuta hewa. Uso unamwiva, machozi yanamtoka, na mwisho wa yote anatapika chakula alichokula jioni. Wiki ya kwanza alikuja kwenu mkamwambia ni homa ya kawaida, baridi ya Julai hiyo, mkampa dawa ya maji na amoksilini. Wiki ya pili alirudi, na hapo mlifanya jambo jema: mlimwomba makohozi mkayapima TB. Majibu yakatoka hasi. Ninyi mkashukuru, naye akashukuru, faili ikafungwa.

Hapo kwenye faili iliyofungwa ndipo ninaposimama kuhubiri. Hasi imewaambia ugonjwa ambao mtu huyu hana. Ugonjwa alio nao bado hauna jina, na mtu ameshafika stendi ya Odeon anakohoa ndani ya matatu iliyojaa.

Kumbukeni mzee Eli kule Shilo. Kijana Samweli alimjia usiku akisema ameitwa, mzee akamwambia arudi akalale. Kijana akaja tena, mzee akamwambia vilevile. Eli hakuwa mjinga. Alikuwa kuhani, na kuitambua sauti ile ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ila alikuwa amezeeka, na macho yake yalianza kufifia. Ilipofika mara ya tatu ndipo akaelewa ni nani anayeita. Mimi simlaumu kwa mara ya kwanza, wala kwa ya pili. Namheshimu kwa ile ya tatu, kwa sababu mtu mwenye cheo na uzoefu alikubali kwamba huenda kuna jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Wapendwa, Nairobi ina akina Eli wengi mno waliokwama kwenye mara ya pili. Nenda ukalale, kitaisha. Nenda unywe maji ya moto na ndimu. Nenda, ni vumbi la ujenzi tu.

Mgonjwa akirudi mara ya tatu, semeni kifaduro.

Semeni hata kama ulimi unasita. Najua mlikisomea katika wodi ya watoto, na mlipotoka mkafunga mlango mkakiacha humo. Mliambiwa mtoto hukohoa mpaka aishiwe pumzi, halafu huvuta hewa kwa mlio mrefu, na mlio huo ukawa kama kitambulisho cha ugonjwa. Basi mnausubiri mlio. Mtu mzima mara nyingi hana mlio! Koo lake ni pana, na mwilini mwake bado kuna mabaki ya kinga ya zamani, kwa hiyo ugonjwa unamjia bila sauti yake ya kitabuni. Ukimngoja karani wa miaka thelathini avute hewa kama mtoto wa miaka mitatu, utangoja hadi astaafu.

Adui huyu si mgeni. Jules Bordet na Octave Gengou walimwotesha maabara Brussels mwaka 1906, na bakteria huyo anaitwa kwa jina la Bordet hadi leo. Tabia yake ninyi mnaijua kuliko mimi, lakini mhubiri hurudia yanayojulikana. Hujishika kwenye vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi katika njia ya hewa, huvilemaza kwa sumu yake, na kwa wiki moja au mbili za mwanzo hujifanya mafua ya kawaida: kamasi, chafya, kikohozi chepesi. Huo ndio wakati anaoambukiza kwa nguvu zaidi, na ndio wakati hakuna anayemshuku. Baadaye huja yale mashambulizi ya usiku, ambayo huweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Bakteria anaweza kuwa ameshaondoka wakati huo, uharibifu ukabaki. Watu wazima wamevunjika mbavu kwa kukohoa. Wamezimia. Akina mama wametokwa na mkojo kazini wakaona haya kumwambia mtu yeyote, hata daktari, na daktari asiyeuliza hataambiwa.

Mtaniambia, huyu alichanjwa utotoni. Naam, alichanjwa! Tangu 1980 Kenya ina mpango wa taifa wa chanjo, na tangu 2001 sindano ile ya magonjwa matano inatolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Dondakoo, kifaduro, pepopunda, pamoja na homa ya ini ya aina ya B na Hib. Ni kazi kubwa, na yeyote anayeidharau hajui makaburi madogo ya zamani. Lakini kinga ya kifaduro haidumu maisha yote. Ile ya chanjo hupungua ndani ya miaka 4 hadi 12, na hata aliyeugua kifaduro chenyewe anaweza kuugua tena baada ya miaka. Karani wenu aliyechanjwa akiwa mgongoni mwa mamake mwaka 1995 alikuwa ameshaanza kupungukiwa na kinga kabla hajamaliza shule ya msingi. Tangu hapo hakuna aliyemwongezea hata tone. Ratiba yetu ya taifa humkinga mtoto mchanga dhidi ya kifaduro, kisha haimtafuti tena maisha yake yote.

Nasema haya nikijua mzigo mlio nao. TB katika jiji hili si mzaha. Mtu anayekohoa wiki mbili lazima apimwe TB, na daktari anayesahau hilo kwa kukimbilia kifaduro nitamhubiria yeye peke yake, kwa sauti kubwa zaidi. Mbagathi, ambayo zamani ilikuwa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, imebeba watu wa kifua wa Nairobi kwa miaka mingi, na imewafundisha vizazi vya matabibu kusikia TB katika kila kikohozi. Somo zuri. Tatizo linaanza pale mashine ya GeneXpert inaposema hapana. Inapaswa kuwa mwanzo wa swali la pili, nasi tumeifanya mwisho wa kazi. Huko Ulaya na Marekani walipowapima watu wazima wenye kikohozi cha muda mrefu, mara kwa mara zaidi ya mmoja katika kila kumi alikutwa na kifaduro. Sisi tunapoandika mzio, au pumu, au asidi ya tumbo, au homa isiyoisha, hatujathibitisha chochote. Tumechoka tu kufikiri. (Asidi ya tumbo hasa! Imebebeshwa dhambi za magonjwa mengi mjini humu.)

Sasa sikieni kwa nini napandisha sauti. Kama kifaduro cha mtu mzima kingekuwa shida ya mtu mzima peke yake, ningewaandikia barua fupi ya heshima nikanyamaza. Lakini mtoto wa wiki nne hapandi matatu. Hajawahi kusimama foleni ya Kencom, hana jirani wa ofisini, hajui Kawangware wala Kileleshwa. Hajafikisha wiki sita, kwa hiyo hana hata sindano ya kwanza. Kifaduro kikimpata, kimeletwa na mtu aliyemwinamia. Tafiti zilizofuatilia watoto wachanga waliougua zimekuta mara nyingi mlango ni nyumba yenyewe: mama, baba, kaka na dada, nyanya. Na huyu mdogo mara nyingine hata hakohoi. Huacha kupumua, akageuka bluu, basi. Wazazi husema alikuwa na mafua kidogo.

Ushahidi upo, tena wa hapa kwetu. Kati ya 2011 na 2014 watafiti walichunguza nimonia ya watoto waliolazwa katika nchi saba, Kenya ikiwemo kupitia Kilifi. Katika watoto wa mwezi mmoja hadi mitano waliokuwa na nimonia, 40 walikutwa na kifaduro, na wote 40 walitoka vituo vya Afrika. Watano kati yao walifariki. Mmoja katika kila wanane, ndugu zangu. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao walikuwa hawajakamilisha chanjo, na dalili mojawapo iliyowatofautisha na wagonjwa wenzao ilikuwa kikohozi cha siku kumi na nne au zaidi. Ukisoma takwimu hizo ukauliza nani aliwakoholea, hutapata jibu katika jedwali lolote, kwa sababu mkohoaji hakulazwa. Alikuwa kazini.

Tazameni jiji lilivyopangwa. Alfajiri Kangemi na Kawangware humiminika kuelekea Westlands, Lavington, Kileleshwa na mjini, jioni hurudi. Mwanamke anayelea mtoto wa watu Lavington ana wake wa miezi miwili kwa jirani huko Kawangware. Wakili anayeteremka Valley Road ndani ya gari lake amepumua hewa ya lifti moja na watu ishirini. Katika kundi la watu wasio na kinga, mgonjwa mmoja wa kifaduro anakadiriwa kuambukiza kati ya 12 na 17. Chumba kimoja cha mabati chenye watu watano kinajulikana kwa hatari yake, lakini nyumba ya ghorofani yenye mtoto mchanga, yaya, na nyanya aliyekuja kutoka kijijini kusaidia malezi ina mapafu mengi vilevile. Ninyi waajiri mlioko viti vya nyuma, nawaona mnavyogeuka kumtazama yaya. Acheni! Mkimfukuza kwa kukohoa, kesho yaya mwingine ataficha kikohozi chake ili asipoteze kazi, na mtoto wenu atakuwa hatarini zaidi. Mpeni nauli, mpeni siku za kupumzika na mshahara wake, aende apimwe. Halafu mjipime na ninyi, maana huenda baba wa nyumba ndiye aliyeanza kukohoa.

Basi daktari afanye nini? Aulize. Kuuliza si ujinga. Amuulize mgonjwa kama kikohozi kinakuja kwa mapigo au kila saa, kama hutapika baada yake, kama hupaliwa usiku akadhani anakufa, kama baina ya mashambulizi hujisikia mzima kabisa. Amuulize kazini au nyumbani nani mwingine anakohoa hivyo. Halafu aweke kalamu chini, amtazame usoni, aulize swali ambalo hakuna mashine inayoliuliza: nyumbani kuna mtoto mchanga? Kuna mama mjamzito? Swali hilo halina gharama kwa bima ya afya ya SHA wala kwa mfuko wa mgonjwa. Linachukua muda mfupi kuliko kuandika jina la dawa ya kikohozi.

Miaka ya sabini, watafiti waliokuwa wakichunguza kifaduro Machakos, katika eneo lenye watu zaidi ya 20,000, hawakuketi hospitalini kungoja. Watu wao walizunguka nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili wakiuliza nani anakohoa. Bila mtandao, bila simu ya mkononi. Leo tuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, waliozinduliwa na serikali Septemba 2023 na kupewa simu na mikoba. Anayepita Waithaka na Uthiru afundishwe swali hilohilo.

Kuhusu vipimo, msiniambie hatuwezi. Mwaka 2020 mji huu wote ulijifunza kuchomwa kijiti puani mpaka machozi. Sampuli ya kifaduro hutoka palepale, nyuma ya pua, na kipimo cha PCR hufanya kazi vizuri katika wiki tatu au nne za mwanzo za kikohozi. Tunao wataalamu, tunazo mashine. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iko hapo Mbagathi. Ila kijiti kisiwe cha pamba, kwa maana pamba humdhuru bakteria huyu na kuharibu majaribio ya kumwotesha. Mgonjwa akija wiki ya saba PCR haitamwona, na kipimo cha damu ndicho chenye nafasi. Na pale ambapo kipimo hakipatikani, dalili zikilingana na nyumbani kuna mtoto mchanga, daktari ana akili yake na kiapo chake; asingoje karatasi.

Dawa ipo: azithromisini na ndugu zake. Amoksilini mliyoizoea haifai kwa kazi hii. Lakini subirini, nisieleweke vibaya. Wakati wa korona Nairobi nzima ilikuwa ikinunua azithro kama peremende, na bakteria wengine walikuwa wakisikiliza. Sihubiri kwamba kila mkohoaji apewe azithro dirishani. Nahubiri kinyume chake: fikirini kwanza, ili apewe yule inayemfaa. Ikianzishwa mapema, katika zile wiki za mafua, huweza kupunguza makali. Ikianzishwa baadaye haitamwondolea kikohozi, na mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi ili asirudi kudai dawa kali zaidi. Kazi yake wakati huo ni kumzuia asiambukize. Baada ya siku tano za dawa haambukizi tena. Asipotibiwa, huambukiza kwa kama wiki tatu tangu kikohozi kilipoanza. Na wale wanaoishi naye karibu, hasa penye mtoto mchanga au mjamzito, nao wapewe dawa ya kinga wakiwahi ndani ya siku 21 tangu kikohozi chake kilipoanza.

Nanyi wa duka la dawa, mnaompimia mtu chupa ya kodeini mara ya nne bila kumuuliza kikohozi kina umri gani! Hiyo chupa humlaza mtu, haimponyi. Mwelekezeni kwa daktari. Mtapoteza shilingi mia chache.

Zamu ya viti vya nyuma imefika. Mtu akijifungua sisi hukimbilia kwenda kuona mtoto, tumebeba uji na nepi, na kila mmoja lazima ambebe na ambusu paji la uso. Desturi nzuri. Lakini wewe unayekohoa wiki ya pili, tuma uji. Kaa nyumbani, mpigie mama simu, mtoto utamwona akishachanjwa. Na siku ya kumleta mtoto kanisani, wazee wa kanisa tusimzungushe mikononi mwa mkutano mzima kana kwamba ni sahani ya sadaka.

Nimebaki na jambo moja, na hili si la kliniki peke yake. Mama mjamzito wa Kenya anaenda kliniki, ananyoosha mkono, anachomwa sindano ya pepopunda. Anaipokea bila kulalamika kwa sababu anajua inamlinda mtoto. Ndani ya sindano hiyo hamna kifaduro. Uingereza ilipovamiwa na kifaduro mwaka 2012, watoto 14 walikufa, na Oktoba mwaka huohuo wakaanza kuwachanja wajawazito kwa sindano yenye kifaduro, ili mama ampitishie mtoto kinga kabla hajazaliwa. Vipimo vilivyofuata vilionyesha takribani watoto tisa katika kumi walilindwa. Baadaye akina mama waliokubali wakapungua, na mwaka 2024 England ilihesabu wagonjwa zaidi ya 14,000 na vifo vya watoto 11. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 2015 kwamba, kwa nchi inayotaka kuwalinda wachanga, kumchanja mjamzito ndiyo njia ya nyongeza inayolipa zaidi. Najua sindano hiyo ni ghali kuliko ile ya pepopunda. Lakini mkono wa mama umeshanyooshwa, muuguzi ameshakaa, barafu imeshapoza chupa. Gharama kubwa ya kumfikia mama tumekwisha kuilipa.

Mtu akipeleka ombi hilo Afya House, makao ya Wizara ya Afya pale Cathedral Road, watamuuliza swali la haki: watu wazima wenye kifaduro Nairobi ni wangapi? Wajawazito wangapi wameambukizwa, wachanga wangapi walipata kutoka kwao? Naye atasimama mikono mitupu, kwa sababu rejista za Riruta, za Kangemi, za kliniki za kulipia kule Westlands zimejaa neno moja, kikohozi, kurasa kwa kurasa. Takwimu za wizara huanzia kwenye kalamu yenu. Mgonjwa asiyeulizwa hapimwi, asiyepimwa haandikwi, na asiyeandikwa hanunuliwi chanjo. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, yule wa mara ya tatu akiingia na kiti kikalia sakafuni, usimrudishe kulala. Muulize, chukua sampuli, na katika safu ya ugonjwa andika kwa wino: kifaduro, kinashukiwa, mtoto mchanga nyumbani, yupo.